Figo Langu, Pipa la Maji na Uzi wa Shabani

Kabla hujashika jeki, kijana, lishike kwanza jina langu: Presha. Si jina la ubatizo. Madereva wa malori ya Dar na Mombasa ndio walionipa, kwa sababu mguu wangu wa kulia ukipiga tairi teke moja tu, unakwambia upepo uliomo ndani kuliko kipimo chochote cha dukani. Vipimo vimekosea mara nyingi mbele ya macho yangu. Mguu haujakosea. Shule niliiacha nikiwa bado nahesabu kwa vijiti, na leo karakana ile ya matairi pale Kabuga, nje ya Kigali, kando ya barabara ya mashariki, paa ni langu, kompresa ni yangu, na hata kivuli mnamojibanza mchana ni changu.

Nimestaafu juzijuzi. Msinionee huruma! Nimestaafu nikiwa na figo zangu zote mbili, na hilo la kushoto ndilo nataka kuwaeleza, maana nusura linitoke, na aliyelichokoza ni mimi mwenyewe, kwa ufundi huuhuu ninaojivunia.

Ngoja nianzie kwenye pipa.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Saleh wa Muhima, mtaa wa Kigali, Mungu amrehemu, Mnyarwanda ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani. Kiswahili chote nilichonacho nimekipata kwake na kwa madereva. Zamani zile kila tairi lilikuwa na mpira wa ndani, sisi tunauita shamburere. Unautoa, unatafuta tundu, unasugua, unapaka gundi, unabandika kiraka. Fundi mwingine angeishia hapo na kunyoosha mkono apokee hela. Mzee Saleh, hapana! Alikuwa akisema: "Kiraka ambacho hakijapigwa hakijapona." Anaujaza mpira upepo kupita kiasi, anaupiga kwa nyundo ya mti, anauzungusha, anaupiga tena, halafu ndipo anauzamisha kwenye pipa la maji. Lisipotoka hata povu moja, basi, mpe mwenyewe.

Kiraka changu cha kwanza nilikipiga nyundo moja tu, kikafumuka puu! Mpira ukaruka ukatua ndani ya pipa, maji yote yakamwendea Mzee Saleh aliyekuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Alisimama pale akichuruzika.

"Gasana," akasema taratibu, akiniita kwa jina langu halisi, "umenitawadhisha?"

Nilicheka miaka mingi baadaye. Siku ile sikucheka. Lakini somo liliingia, na tangu hapo hakuna kazi iliyotoka mikononi mwangu bila kupigwa. Ndiyo sababu dereva anatoka Rusumo mpakani na pancha, anawapita mafundi njia nzima, anakuja kwa Presha.

Halafu yakaja matairi yasiyo na mpira wa ndani, na pamoja nayo ukaja ule uzi. Nyinyi mnaujua, mmezaliwa nao: uzi mnene wa mpira uliopakwa gundi. Tairi hulitoi kwenye gari, hulifungui. Unachomoa msumari, unausukuma uzi tunduni kwa ile sindano yenye mpini, unakata kilichobaki, mteja anaondoka hata chai yake haijapoa. Mimi niliuchukia! Niliuita uchawi wa wavivu. Utazibaje kitu ambacho hujakifungua ukaona ndani?

Shabani nilimkuta kijana, nikamfundisha mwenyewe, na sasa yeye ndiye mbia wangu, mtu mzima mwenye watoto. Yeye aliupenda uzi. Siku moja nilimkuta akimzibia nao mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akiwahi darasa. Nikaichukua pakiti nzima nikaitupa mtaroni mbele ya mteja.

"Mzee," Shabani akasema, "dunia imebadilika."

"Dunia ibadilike hukohuko barabarani. Hapa ndani ni kwangu. Hapa tunafungua!"

Akaenda kuchukua jeki. Nikadhani nimeshinda.

Sasa figo. Miguu ilianza kuvimba, viatu vikanikataa. Mkojo ukawa na povu kama urwagwa, pombe yetu ya ndizi, iliyomiminwa kwa pupa. Mke wangu, Mama Diane, akanisukuma hospitali mjini. Nikapata daktari wa figo, Dokta Uwera, binti aliyekulia Tanzania. Kiswahili chake kimenyooka hata ukaona haya kufungua mdomo.

"Baba, una presha?" akaniuliza.

"Mimi ndiye Presha!"

Akanipima, akatikisa kichwa. "Kweli, ndiye wewe. Na iko juu."

Vipimo vikaonyesha figo zote mbili zinavuja, zinapitisha kitu kizuri cha damu kwenye mkojo. Akasema hawezi kunipa dawa kwa kubahatisha, lazima wachukue kinyama kidogo cha figo la kushoto wakakichunguze. Wakanipa vidonge mpaka presha ikashuka, ndipo wakanilaza kifudifudi, wakanipaka kitu cha baridi mgongoni, wakaniangalia ndani kwa kile chombo cha picha. "Vuta pumzi. Ishike." Sindano ikaruka, tak! Ina springi ndani, sauti yake kama ya kufuli. Niliuliza kama naweza kukiona kinyama chenyewe. Kilikuwa kama uzi mwembamba, mwekundu. Hicho tu! Nikalala chali siku nzima kwa amri yao, na mkojo ukatoka safi. Nikajua kazi imeisha.

Wakati wa kutoka, Dokta Uwera alinishika mkono. Sikilizeni maneno yake vizuri, vijana, maana mimi sikuyasikiliza.

"Baba, usinyanyue kitu kizito mpaka nikuruhusu mimi. Na ukiona mkojo mwekundu, hata kama ni wiki nyingi zimepita na umeshajisahau kabisa, njoo siku hiyohiyo. Mishipa ya figo huchelewa kusema."

Majibu ya kinyama yakatoka: ugonjwa una dawa. Nikaanza vidonge, viatu vikaanza kunikubali tena. Nikakaa nyumbani wiki baada ya wiki kama bibi harusi. Majirani wanakuja kunisalimia na fanta, nawahadithia sindano, na kila nikihadithia inarefuka. Mwishowe Mama Diane akasema, "Papa Diane, hiyo sindano sasa imeshafika urefu wa mkuki."

Nilichoka kukaa. Nikaenda karakana, kuangalia tu. Na hapo ndipo akaingia dereva mmoja wa Tanzania, Massawe, rafiki yangu wa siku nyingi, na lori lenye pancha ya nyuma.

"Presha! Nimesikia wamekutoboa!"

"Wamenitoboa, na pameziba."

"Pameziba kweli?"

Kijana, swali hilo kwa mtu mwingine ni salamu. Kwangu mimi ni swali la kazi. Pameziba kweli? Nani amepiga nyundo? Kiraka ambacho hakijapigwa hakijapona! Nikavua koti. Shabani akaniona, akaacha kazi yake.

"Mzee, hapana. Daktari alisema nini?"

"Daktari ameziba. Mimi napima."

Nikalikumbatia lile gurudumu la lori, nikalinyanyua, nikaliweka kwenye magogo kama ninavyofanya tangu ujana. Halafu nikarudia, ili pasiwe na ubishi. Massawe akapiga honi. Vijana wakapiga makofi. Nikasimama pale, mikono kiunoni, nikasikiliza mgongo wangu: kimya. Hakuna povu! Nilikwenda nyumbani nikitembea katikati ya njia kama mtu aliyeozesha binti kwa ng'ombe wengi.

Asubuhi mkojo ukatoka mwekundu.

Mtaniuliza, Presha, ulifanya nini? Nilijiambia ni kutu. Shamburere ukiuziba, upepo wa kwanza hutoka na vumbi, si ndiyo? Na kweli, kesho yake ukatoka mweupe. Nikafurahi. Halafu ukarudi mwekundu zaidi, na Mama Diane akapita bafuni kabla sijamwaga maji.

"Papa Diane, umekula nini chekundu?"

"Beterave," nikasema, nikimaanisha vile viazi vyekundu.

"Beterave! Nani alikupikia? Mimi sijapika beterave tangu Krismasi. Una mke mwingine hapa Kabuga?"

Sikuwa na mke mwingine. Nilikuwa na mabonge ya damu, na kufikia mchana mabonge yakaziba njia. Nataka kukojoa, haitoki. Tumbo limejaa kama ngoma, ubavu wa kushoto unachoma. Mimi, niliyefungua kila kilichoziba kuanzia Muhima mpaka Rusumo, nimeinama sebuleni nashika meza. Mama Diane alimpigia Shabani simu akipiga kelele kwa Kinyarwanda. Shabani akaja na pikapu yangu mwenyewe, akaiendesha mpaka mjini, kila tuta nalihesabu kwa meno.

Hospitali waliniwekea mpira wa mkojo, wakasukuma maji, mabonge yakatoka. Lo! Raha ya kukojoa, vijana, msiidharau. Kisha Dokta Uwera akaja. Hakunigombeza. Aliweka tu kile chombo chao cha kusikilizia mgongoni kwangu, upande wa kushoto, akafumba macho.

"Baba, wewe ni mtu wa matairi, ndiyo?"

"Mimi ndiye mwenyewe."

"Hebu sikiliza."

Akanivisha masikioni. Fwuu. Fwuu. Fwuu. Kila moyo ukipiga, fwuu! Nywele zilisimama. Nilikaribia kuruka kitandani.

"Valvu! Valvu inavuja!"

"Karibu na hapo," akasema, na nikaona naye amefurahi kupata mgonjwa anayesikia. Akanionyesha kwenye picha, rangi nyekundu na bluu zinazunguka kama maji kwenye bomba. Akanieleza kwamba kuna mshipa unaoleta damu kutoka moyoni kwa nguvu, na mwingine unaoirudisha polepole. Sindano ile ilipita palipokaribiana, ikafungua njia kati yao. Damu yenye nguvu inarukia kule kwenye mshipa laini. Na pembeni yake ukuta wa ule mshipa wa nguvu umelegea, umevimba kwa nje.

"Kama tairi lililopiga shimo," nikasema. "Linatembea wiki nyingi, zima kabisa, halafu siku moja ubavuni linatoa tumbo."

"Hivyohivyo. Na tumbo hilo likipasuka?"

Sote tulijua tairi lenye tumbo likipasuka huwa nini.

"Ni lile lori?" nikauliza, na sauti yangu ikawa ndogo, hata mimi niliisikia.

"Hutokea hata kwa aliyelala kitandani muda wote. Kwa wengi hujifunga penyewe bila mtu kujua. Kwako hapakujifunga." Akanitazama. "Lakini lori halikusaidia, baba."

"Angalau nimelipima, tundu limejulikana!"

"Tafadhali," akasema, "usiwaambie hivyo wagonjwa wa kitanda cha jirani."

Halafu akaacha kutabasamu. Akasema damu haijasimama. Ikiendelea hivyo, itabidi waliondoe figo la kushoto lote. Na la kulia, kwa ugonjwa ule nilionao, haliwezi kubeba mzigo peke yake bado. Nitaingia kwenye mashine ya kusafisha damu, kila wiki mara kadhaa, maisha yote. Mama Diane alikuwa amekaa pembeni, nikaona ameushika mkoba wake kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anataka kuunyang'anya.

"Kuna njia nyingine," daktari akasema. "Tunaingia kwa ndani ya mshipa, kutoka hapa kwenye kinena. Mrija mwembamba unapanda mpaka kwenye figo, mpaka kwenye tundu lenyewe, na pale tunaacha springi ndogo sana za chuma. Zinaziba. Figo linabaki."

"Mnanifungua wapi?"

"Hatukufungui."

"Kabisa?"

"Kabisa. Tundu dogo kinenani."

Jamani! Moyo uliniruka. Uzi! Wanataka kunizibia kwa uzi! Nimeutupa mtaroni mbele ya watu, na sasa wanataka kuuingiza kwenye figo langu!

"Hapana!" nikasema. "Fungua! Fungua uone ndani, bandika kiraka, piga, funga. Mimi nitavumilia kisu. Kitu cha kusukumwa kutoka nje huchomoka!"

"Baba, figo si tairi. Limejaa damu. Nikilifungua linavyovuja hivi, naweza kutoka nalo mkononi."

"Na springi ikichomoka?"

"Mara nyingi inashika. Siwezi kukuapia."

"Umeona? Hawezi kuapa!" nikamwambia Mama Diane. "Mzee Saleh alikuwa anaapa!"

Mama Diane akaanza kunisema, nami nikamjibu, nesi akaja kutunyamazisha. Daktari akasema atarudi, ila nisichelewe kuamua, maana damu haisubiri maneno. Nikageukia ukutani. Vijana, mtu aliyejitengeneza mwenyewe ana shida moja: haamini mkono ambao si wake. Nililala pale nikivuja, nikisubiri dunia inipe kiraka cha kizamani.

Shabani alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Akaja akakaa kitandani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mzee, tumekujaje hapa?"

"Kwa pikapu yangu. Umelewa?"

"Pikapu inatembeaje?"

"Vizuri. Matairi yangu ni mazima."

"La nyuma kushoto lilipata msumari mwaka juzi. Ulikuwa msibani. Nililiziba kwa uzi."

Nikageuka.

"Na la mbele kulia," akaendelea, "mwaka jana. Uzi. Umekwenda nayo Rusumo, umebeba saruji, umebeba wageni wa harusi ya Diane. Kila asubuhi unalipiga teke lile la nyuma. Kila asubuhi unasema, 'Umeona? Hili nimeliziba mimi, kwa kufungua!'"

"Sha... Shabani!"

"Nilikuwa nakuitikia, 'Ndiyo mzee.'"

Niliketi. Nilikuwa na mpira wa mkojo, nilikuwa na sindano mkononi, lakini niliketi! Nilitaka kumfukuza kazi palepale, hospitalini. Nikamwita mwizi wa imani, nikamwita nyoka, nikamwambia asikanyage Kabuga. Mama Diane alianza kucheka huku machozi yanamtoka, anacheka na kulia, hajui ashike lipi. Shabani hakusogea.

"Mguu wako haukosei, mzee," akasema. "Wewe mwenyewe husema hivyo. Mara zote ulizopiga teke, ulikuta umekosea?"

Nikamgeukia Mama Diane.

"Muite daktari," nikasema.

Hiyo siku ya kuzibwa sitaisahau, na sisemi kwa hofu, nasema kwa furaha! Hawakunilaza usingizi. Walinitia ganzi kinenani, nikabaki macho, na daktari wa mishipa, mwanaume mpole mwenye aproni nzito, akanigeuzia kioo nione. Akasukuma dawa, na figo langu likachanua pale kwenye kioo, matawi matawi kama mparachichi usio na majani. Na kwenye tawi moja chini, pale! Wingu jeusi linaruka nje kila moyo unapopiga.

"Hapo!" nikapiga kelele.

"Nimepaona, mzee. Usitikisike."

Mrija ukapanda, mwembamba, ukakata kona, ukaingia tawi lile lile na si jingine. Kijana, nimeona mafundi wengi. Yule alipita kwenye kona ambazo mimi nisingepitisha hata wazo. Springi ya kwanza ikatoka ikajikunja. Ya pili. Wingu likapungua. Nyingine tena. Akasukuma dawa mara ya mwisho: matawi yote yakawaka, na pale palipokuwa na wingu, hakuna kitu. Hakuna hata povu moja!

"Imeshika?" nikauliza.

"Imeshika."

"Na hukupiga nyundo?"

"Nini?"

"Basi, endelea na kazi yako."

Kesho yake mkojo ulitoka rangi ya chai, kisha rangi ya majani makavu, kisha ukawa mkojo tu. Dokta Uwera akaweka chombo mgongoni, akasikiliza, akanivisha masikioni. Nikasikia pumzi zangu na tumbo langu lenye njaa. Ile fwuu ilikuwa imeondoka. Alisema nirudi kwa picha baada ya muda, na nimerudi, na springi ziko palepale. Figo la kushoto limepoteza kipande kidogo, kingine chote kinafanya kazi. Mashine sijaiona. Presha namwachia daktari aisome kwa kipimo chake, nami nimeze vidonge.

Kwa hiyo wewe unayechukua mahali pangu, chukua na haya. Tairi la lori lenye mpira wa ndani, fungua, sibadilishi neno. Uzi usiutie ubavuni mwa tairi, hata mteja akilia. Ukitia uzi, usikwangue tundu kupita kiasi, na usikate mkia karibu mno; Shabani atakuonyesha, anajua kuliko mtu yeyote Kigali, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Na wakikutoboa wewe mwenyewe kwa sindano, kaa. Usijipime. Ukiona wekundu, hata kama umeshasahau kwamba ulitobolewa, nenda, na usiwatajie beterave.

Pikapu bado inalala pale mbele ya nyumba. Lile tairi la nyuma kushoto sijalifungua. Asubuhi nikitoka, mguu wa kulia huinuka wenyewe, ule ule usiokosea, unalielekea. Shabani akiwepo hunitazama.

Naushusha chini bila kulipiga, naingia ndani ya gari, nawasha.